Kutoka Kisumu au Nakuru hadi Ziwa Turkana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu barabara, ufuo na chakula

Ukurasa huu ni wa msafiri anayetoka Kisumu, Kakamega, Eldoret, Kitale au Nakuru, anayetaka kushuka hadi Lodwar, alale ufuoni Kalokol au Eliye Springs na ale kile wanachokula wenyeji. Majibu mengi yanahusu upande wa magharibi wa ziwa. Upande wa Loiyangalani ni safari nyingine kabisa, na umepewa jibu lake mwishoni.

Ni mbali kiasi gani, na nipite wapi?

Njia zote za magharibi hukutana Kitale. Kutoka Kisumu unapita Kakamega na Webuye, kama kilomita 155. Kutoka Nakuru unapita Eldoret, kama kilomita 225. Kuanzia Kitale hadi Lodwar zimebaki karibu kilomita 300: Makutano karibu na Kapenguria, halafu Ortum, Marich, Kainuk, Lokichar, kisha Lodwar. Kalokol iko kama kilomita 60 mbele ya Lodwar kwa lami.

Usijaribu kumaliza Kisumu hadi Kalokol kwa siku moja. Kwenye ramani inawezekana, lakini utaingia Kainuk jioni, na hapo ndipo usipotakiwa kuwa wakati huo. Lala Kitale. Ukiwa na nafasi mchana, panda hadi jumba la makumbusho la Kapenguria, katika gereza walimofungiwa Jomo Kenyatta na wenzake watano wakati wa kesi yao ya 1952 na 1953. Kenyatta alipelekwa baadaye Lokitaung, na kati ya 1959 na 1961 akazuiliwa Lodwar kwenyewe, kwa hiyo barabara unayoifuata ina historia yake.

Kwa nini madereva wa Kitale husisitiza kuondoka alfajiri?

Kuna sababu tatu. Ya kwanza ni usalama: kipande cha Marich hadi Lokichar kinapaswa kupitwa mchana, magari mengine yakiwa barabarani. Ya pili ni joto. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Lodwar kama mita 500 tu. Utatoka na sweta asubuhi, na kufikia saa saba mchana upepo unaoingia dirishani ni wa moto. Tairi kuukuu hupasuka saa hizo. Ya tatu ni laga, yaani mito mikavu: mvua ikinyesha milimani mchana, maji hufika chini jioni.

Ukiondoka Kitale saa kumi na mbili asubuhi na barabara ikiwa nzuri, utakula chakula cha mchana Lodwar.

Hali ya usalama ikoje kwa kweli?

Wizi wa mifugo kwa bunduki umeitesa mipaka ya Pokot Magharibi na Turkana kwa miaka mingi. Februari 2023 serikali ilituma jeshi na polisi katika kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa, Turkana na Pokot Magharibi zikiwemo. Hali hubadilika wiki kwa wiki, kwa hiyo usitegemee habari za mwezi uliopita. Jioni kabla ya kuondoka, nenda stendi ya Kitale uwaulize madereva waliorudi siku hiyo, si mawakala wa tiketi. Swali lenye faida si "kuko salama?" bali "leo mmepita Kainuk saa ngapi, na polisi walikuwa wanasemaje?" Ukiambiwa magari yanasubiriana ili yapite pamoja, subiri nawe. Ukiambiwa usiende, geuza safari. Ziwa litakuwepo mwezi ujao.

Msimu upi unafaa?

Juni hadi Septemba joto hupungua kidogo, na ndio wakati mzuri zaidi. Januari hadi Machi kuna jua kali kupita kiasi. Machi hadi Mei, na tena Oktoba na Novemba, jangwa lenyewe halipati mvua nyingi (Lodwar hupata kama milimita 200 kwa mwaka), ila milima ya Pokot hunyeshewa sana, na maji yake ndiyo hukata barabara. Novemba 2019 maporomoko ya ardhi Pokot Magharibi yaliua watu zaidi ya 40 na kukata njia ya Lodwar. Ukisikia mvua kubwa Kapenguria, hilo linakuhusu hata kama Lodwar kuna vumbi.

Gari dogo litafika?

Lodwar na Kalokol, ndiyo, ukienda polepole penye mashimo. Eliye Springs ni suala tofauti: karibu na ufuo kuna mchanga laini, na gari dogo huzama hadi tumboni. Huko chukua gari linalovuta magurudumu yote manne.

Kwenye mchanga makosa huwa yale yale. Dereva huona mchanga, anaogopa, anakanyaga breki. Gari likisimama halitoki. Anakanyaga mafuta, magurudumu yanachimba, na dakika moja baadaye ekseli imelala chini. Fanya hivi: kabla ya kuingia, shuka upunguze upepo wa tairi hadi psi 18 au 20, ili tairi itandaze uso wake juu ya mchanga. Ingia kwa gia ndogo na mwendo ule ule, bila breki, bila kukata kona kwa ghafla. Ukihisi linazama, acha mafuta mara moja kabla halijachimba. Toa mchanga mbele ya magurudumu yote kwa koleo, weka matawi makavu au mkeka wa gari chini yake, na wenzako wasukume. Jeki bila kipande cha ubao chini yake haina kazi mchangani, itazama yenyewe. Ukirudi lamini jaza upepo tena kabla ya kukimbia, maana tairi laini kwenye lami ya moto hupasuka.

Beba spea mbili, pampu, kipimo cha upepo, koleo na ubao. Jaza tangi Kitale au Makutano, kisha tena Lodwar. Usitegemee kupata mafuta ufuoni.

Laga ikiwa na maji yanayokwenda, hata ya magotini, simama. Hujui maji yamechimba nini chini. Mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Na usiegeshe wala kupiga hema ndani ya laga kavu, hata kama kuna kivuli kizuri.

Kama sina gari?

Kuna mabasi na matatu kutoka Kitale hadi Lodwar. Kata tiketi jioni iliyotangulia na uchague kiti cha upande wa kushoto: asubuhi ukielekea kaskazini jua liko kulia kwako. Kutoka Lodwar, probox na matatu za Kalokol hujaa na kuondoka. Kwenda Eliye Springs itabidi ukodi gari au boda boda yenye dereva anayeijua njia. Kubaliana kabisa bei ya kwenda na kurudi, saa ya kurudi, na nani analipa mafuta. Usilipe yote kabla ya kurudishwa.

Nibebe maji kiasi gani?

Lita tano kwa mtu kwa siku za kunywa, na lita kumi za akiba kwenye gari. Kunywa kidogo kidogo kabla ya kiu. Kwa hewa kavu ya Turkana jasho hukauka kabla hulijaona, ndiyo maana watu hudhani hawatoki jasho, wakanywa soda mbili kutwa nzima, na jioni kichwa kinawapasuka.

Mtu akianza kizunguzungu, kichefuchefu au mkojo wa rangi ya chai, mweke kivulini, mlowanishe nguo, na mpe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo wa kijiko. Usizidishe chumvi. Akichanganyikiwa au akiacha kutoa jasho huku mwili unawaka, hiyo ni dharura: hospitali ya Lodwar mara moja.

Maji ya ziwa yanyweka?

Wenyeji wengi huyanywa kwa kukosa mengine. Ni kama maji yaliyotiwa magadi kidogo, na yana floridi nyingi inayobadilisha rangi ya meno ya watoto. Kuchemsha huua vijidudu, hakutoi chumvi wala floridi. Wewe kunywa uliyobeba. Eliye Springs kuna chemchemi za maji yasiyo na chumvi zinazotoka chini ya mikoma, lakini nayo yachemshe, kwa sababu mifugo na watu huyatumia pamoja.

Njiani kula nini?

Kitale kula vizuri, hasa mboga, kwa sababu mboga mbichi huzidi kuwa adimu na ghali unavyoshuka. Eldoret na Kitale utapata mursik, maziwa ya kuchacha ya kibuyu. Upande wa Pokot kuna maziwa ya kibuyu yaliyotiwa jivu la mti wa cromwo, yana rangi ya kijivu hafifu na uchachu mpole kuliko mursik. Kikombe kimoja kinatosha ikiwa tumbo halijazoea. Asali ya Pokot huuzwa kandokando ya barabara: geuza chupa juu chini, na kiputo cha hewa kikipanda polepole asali ni nzito. Kikipanda haraka, imetiwa maji. Ukikuta maembe ya Sigor katika msimu wake, nunua ndoo nzima uende nayo Lodwar. Ni zawadi inayopokewa kwa furaha kuliko mkate.

Lodwar kuna chakula gani?

Hoteli za kawaida: ugali, mbuzi wa kuchemsha, matumbo, maharagwe, chapati, wali. Hoteli za Wasomali zina pilau, anjera asubuhi, na chai ya maziwa ya ngamia, ambayo kila msafiri angepaswa kuionja angalau mara moja. Ni nyepesi na ina chumvi kwa mbali. Ulizia pia nyirinyiri: nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta yake. Hukaa siku nyingi bila friji, na ni chakula kizuri cha garini ukila na chapati.

Fika kabla ya saa nane mchana. Sufuria zikiisha zimeisha, na utaambiwa usubiri usiku.

Samaki wa Kalokol na Eliye Springs ni wa aina gani, na niagize vipi?

Mtu wa Kisumu atajisikia nyumbani: ngege (tilapia) na mbuta (sangara) wapo. Ngege wengi huzaliana katika Ghuba ya Ferguson, kwenye maji ya kina kifupi mbele ya Kalokol, kwa hiyo kiasi cha ngege sokoni hupanda na kushuka pamoja na kimo cha ziwa. Ghuba ikikauka, ngege hupungua.

Tofauti na Kisumu, ufuoni barafu ni shida. Mitumbwi hurudi asubuhi, na samaki aliyetolewa nyavuni saa moja asubuhi akilala juani hadi saa tisa amekwisha, hata akikaangwa vipi. Kwa hiyo hapa samaki ni chakula cha mchana. Nenda mapema unapotua mtumbwi, chagua samaki wako mwenyewe, na uagize kabla ya kwenda matembezini. Angalia mambo manne: macho yaliyojaa na kung'aa, matamvua mekundu na si ya kahawia, nyama inayorudi ukibonyeza kwa kidole, na harufu ya maji, si ya uvundo. Tumbo likiwa limepasuka lenyewe, muache.

Ukipika mwenyewe, ngege wa saizi ya sahani apaliwe magamba, atumbuliwe, asuguliwe utando mweusi wa ndani ya tumbo (huo ndio unaoleta uchungu), kisha achanjwe mara tatu kila upande hadi karibu na mfupa. Mpake chumvi ndani ya chanjo na umtundike kivulini penye upepo nusu saa. Upepo wa ufuoni hukausha ngozi upesi, na hapo ndipo siri ilipo: ngozi ikiwa na maji, mafuta yatarusha, na samaki atashika sufuria na kuvuliwa ngozi. Mafuta yafike nusu ya unene wa samaki, yawe moto kiasi cha kutoa mapovu mara ukigusisha mkia. Weka wawili tu kwa wakati mmoja. Ukijaza sufuria joto hushuka, na samaki anakunywa mafuta badala ya kukaangika. Usimguse hadi ukingo ugeuke rangi ya dhahabu, kama dakika sita, kisha mgeuze mara moja tu. Ugali, ndimu uliyobeba kutoka Kitale, pilipili mbichi. Basi.

Mbuta ana mafuta yake mengi. Mkate vipande vya unene wa vidole viwili na umpikie moto wa wastani, la sivyo nje inaungua na katikati kunabaki kubichi. Kichwa kisitupwe, supu yake ndiyo bora.

Vipi nyama ya mbuzi?

Waturkana huchoma mbuzi kwa moto wa kuni za migunga, bila viungo, na mara nyingi bila hata chumvi. Usiingie na chupa ya sosi. Onja kwanza: mbuzi aliyekula majani makavu ya jangwani ana ladha ya kutosha. Mkiwa watu sita au zaidi, kununua mbuzi mzima ni nafuu kuliko kuagiza kilo. Mweleze mwenye mbuzi tangu mwanzo nani anachinja, na kichwa, ngozi na utumbo vinabaki kwa nani. Ugomvi mwingi wa bei hutokana na kutosema hilo mapema. Wageni Waislamu waseme pia kabla ya kuchinja.

Ng'ang'ania nyama iive kabisa, mwambie mchomaji asikuharakishie.

Tunda la mkoma linaliwaje?

Koma ni tunda la kahawia lenye ukubwa wa ngumi ndogo. Hulipasui, unaguguna ganda la nje, lenye nyuzi na utamu wa sukari guru. Kokwa ya ndani ni ngumu sana, itakuvunja jino. Waturkana huliita eng'ol, na majani ya mti huohuo ndiyo yanayosukwa vikapu na mikeka utakayoiona Kalokol. Nunua moja kwa moja kwa mama aliyesuka.

Nikikaribishwa maziwa na damu nyumbani kwa mtu?

Ni chakula cha zamani cha wafugaji hawa, na kukaribishwa ni heshima. Kukataa si kosa ukikataa kwa adabu: pokea kibuyu kwa mikono miwili, shukuru, sema tumbo lako halijazoea, mrudishie. Maziwa mabichi yana hatari ya ugonjwa wa brusela, kwa hiyo kama unayataka, omba yachemshwe chai. Usikunje uso.

Nawezaje kupeleka samaki mkavu nyumbani?

Samaki wakavu wa Turkana hufika hadi masoko ya Kisumu na Busia, kwa hiyo njia ipo. Mtu aliyezoea obambla, ngege mkavu wa Kisumu, atamtambua mara moja. Chagua aliyepasuliwa mgongoni, mkavu hadi katikati: mkunje, avunjike, asipinde. Angalia karibu na uti na chini ya kichwa, huko ndiko vidudu huanza kutoboa, na unga mwembamba ukidondoka umechelewa. Funga kwa gazeti kisha gunia au katoni. Karatasi ya plastiki humfanya atoe jasho na kuota ukungu kabla hujafika Eldoret. Kwenye matatu atawekwa juu ya keria, mwambie kondakta mapema na ulipie mzigo, maana abiria hawatavumilia harufu kwa muda wa saa saba.

Nyumbani, msuuze mara tatu kwa maji ya uvuguvugu, umloweke saa moja au mbili, ubadilishe maji katikati. Mpike na vitunguu na nyanya, kisha karanga za kusaga ukipenda. Chumvi onja mwishoni kabisa, mara nyingi haihitajiki.

Central Island, kisiwa cha katikati ya ziwa, inafikika?

Ndiyo, kwa boti kutoka Kalokol au Eliye Springs. Ni hifadhi ya taifa tangu 1983, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 5 tu, ikiwa na maziwa matatu ndani ya kreta za volkeno. Mamba wa Nile huzaliana hapo kwa wingi. Iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na hifadhi ya Sibiloi tangu 1997. Ada hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo lipa ukiwa bado Lodwar.

Hatari kubwa ni upepo, mamba ni wa pili. Upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu usiku na asubuhi, na mawimbi ya Turkana ni mafupi na yaliyosimama wima, yanayojaza boti upesi. Mwenye boti ndiye anayepanga saa. Akisema leo hapana, usimwongezee pesa. Kabla ya kupanda hakikisha kila mtu ana jaketi la kuokolea linalofungika, kuna injini ya pili au makasia, mafuta ya kurudi, na mtu ufuoni anajua saa mtakayorudi. Kisiwani hakuna maji ya kunywa wala duka.

Naweza kuogelea?

Pale tu wenyeji wanapooga wakati huo huo, mchana, maji ya kina kifupi. Machweo na usiku toka majini. Tangu kimo cha ziwa kilipopanda miaka ya karibuni, miti na majengo yamezama karibu na ufuo, kwa hiyo usipige mbizi.

Wadudu, nyoka na magonjwa?

Malaria ipo, lala ndani ya neti. Kung'uta viatu kila asubuhi, nge hupenda humo. Usiku tembea na tochi na viatu vilivyofunika vidole. Usilale karibu na vichuguu, ndiko wanakokaa inzi wadogo wa mchangani wanaoeneza ugonjwa wa kala-azar. Turkana pia imejulikana kwa ugonjwa wa malengelenge ya maji mwilini unaotokana na minyoo ya mbwa: usiguse mbwa kisha ukala, na osha vyombo vilivyolala chini.

Salamu na picha?

"Ejoka?" hujibiwa "Ejok-noi." Asante ni "alakara." Kwa mzee, salimia kwanza, kaa, ndipo useme shida yako. Picha huombwa kabla, na ukikubaliana malipo, lipa ulichosema. Usipige picha vizuizi vya polisi.

M-Pesa inatosha?

Lodwar, ndiyo. Ufuoni mtandao hupotea na chenji hakuna: beba noti za 50, 100 na 200.

Na Loiyangalani?

Iko ufuo wa mashariki. Kutoka Nakuru unapita Nyahururu, Maralal na South Horr, kwa barabara ya mawe inayokula tairi, na unahitaji siku mbili. Hakuna barabara ya mkato kutoka Kalokol, na usivuke ziwa kwa boti ya wavuvi ili kuokoa muda. Ukitaka pande zote mbili, rudi bondeni upange safari mbili.